Monita imekwama kwa 1024x768 na ni ya 1440x900, xrandr nitaitumia aje?

NyarKondele (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Nko na saiba ndogo hapa Kondele, mashine ni desktopu za ex-UK na zote nimeziwekea Linux Mint ya Xfce juu Windows ilikuwa imezilemea. Zimekuwa zikifanya kazi poa, printa inaprint, skana iko sawa, eCitizen inafunguka haraka, mpaka nilipopanga meza upya nikasogeza monita mbili mbali na CPU na ikabidi nimenunua waya mrefu wa VGA kwa kila moja. Kutoka siku hiyo hizo mbili hazitaki kupita 1024x768. Monita ni inchi 19 na kwa kibandiko cha nyuma imeandikwa 1440x900, lakini ukiingia kwa Display unapata 1024x768 ndio ya mwisho, juu yake hakuna kitu.

Inanisumbua sana juu picha inavutwa kwenda pande zote mbili. Mtu anakuja kupigwa picha ya pasipoti, nikimwonyesha kwa skrini anaona mashavu yamepanuka anasema huyo si yeye, inabidi niprint kwanza ndio akubali. Na wale wa kujaza ritani za KRA wanakaa hapo wakingoja, kumbe kile kitufe cha kuendelea kimezama chini ya skrini.

Nimesoma kuna amri inaitwa xrandr, ya kupanga resolusheni (idadi ya pikseli) ya skrini. Nikiiandika pekee yake kwa terminali inaleta hivi, nimekata maneno mengine ya katikati:

```
Screen 0: minimum 320 x 200, current 1024 x 768
VGA-1 connected primary 1024x768+0+0 ... 0mm x 0mm
   1024x768      60.00*
   800x600       60.32    56.25
   848x480       60.00
   640x480       59.94
HDMI-1 disconnected
```

Alafu nikijaribu `xrandr --output VGA-1 --mode 1440x900` inanijibu `xrandr: cannot find mode 1440x900`. Nifanye aje? Sitaki kununua monita zingine na hizi ni nzima kabisa.

---

fundi_section58 (Nakuru)

Dada pole na kazi. Angalia hapo mwisho wa ile laini ya VGA-1, imeandika `0mm x 0mm`. Hiyo ni mahali xrandr huandika upana na urefu wa monita, na monita ya inchi 19 haiwezi kuwa sufuri. Maana yake kompyuta inajua kuna kitu kimechomekwa hapo lakini haijui ni kitu gani. Kila monita ya kisasa iko na kachipu ndani kenye kimebeba maelezo yake, inaitwa EDID, ndio inaambia kompyuta mimi ni wa saizi hii, naweza resolusheni hii na hii. Ikikosa kufika, keneli ya Linux (kiini cha mfumo) inaenda salama inakupatia 1024x768 kushuka chini, ndio hiyo orodha yako fupi. Kwa hivyo xrandr haijakataa amri yako kwa ubaya, imekuambia tu kwamba jina 1440x900 haliko kwa orodha yake.

Hakikisha kwanza na hii:

```
cat /sys/class/drm/card*-VGA-1/edid | wc -c
```

Ikileta 0, EDID haifiki. Ikileta 128 au 256 basi shida iko kwingine na usifuate haya ninayoandika chini.

Kama ni 0, utaielezea kompyuta wewe mwenyewe. Unaanza kwa kupiga hesabu ya hiyo resolusheni, na hesabu inafanywa na amri nyingine inaitwa cvt:

```
cvt 1440 900 60
```

Itakupa laini ya Modeline. Unachukua kila kitu baada ya hilo neno Modeline unabandika hivi:

```
xrandr --newmode "1440x900_60.00" 106.50 1440 1528 1672 1904 900 903 909 934 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1440x900_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1440x900_60.00"
```

Ya kwanza inaumba hiyo modi (mpangilio wa resolusheni), ya pili inaipatia VGA-1, ya tatu ndio inawasha. Watu wengi wanaruka ya pili alafu wanarudi kusema xrandr ni mbovu.

Hizo namba usiziogope, na ni vizuri ujue ni nini juu siku moja utakutana na monita ya saizi ingine. 106.50 ni kasi ya kutuma pikseli, milioni 106.5 kila sekunde. 1440 ni pikseli unazoona, lakini laini nzima ni 1904, hizo zimezidi ni nafasi tupu pembeni, imebaki kutoka enzi ya zile monita za kioo kizito zenye miale ya elektroni ilikuwa inahitaji muda wa kurudi mwanzo wa laini. Hivyo hivyo kwenda chini, unaona 900 lakini jumla ni 934. Sasa zidisha 1904 kwa 934 upate 1,778,336, ugawanye 106,500,000 na hiyo, utapata kama 59.89, na hiyo ndio mara ngapi skrini inachorwa upya kwa sekunde. Ndio maana xrandr itakuandikia 59.89 ata kama uliomba 60, usishtuke.

Mambo mawili kabla uguse. Kwanza tumia hii njia ya kujikinga, ikiwa skrini itaenda nyeusi inarudi yenyewe:

```
xrandr --output VGA-1 --mode "1440x900_60.00"; sleep 15; xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768
```

Ukiona picha imekuja safi bonyeza Ctrl na C kabla sekunde 15 kuisha na itabaki hapo. Pili, hii ni VGA, ni mawimbi ya analogi, kwa hivyo picha inaweza kuja imehama upande mmoja au herufi zikawa na kivuli. Hiyo si kazi ya xrandr. Fungua ukurasa mweupe wenye maandishi mengi, alafu bonyeza ile batani ya AUTO kwa monita yenyewe, itajipanga.

---

bungoma_linux

Fundi ameeleza vizuri lakini mimi ningeanzia kwa waya kabla ya kuandika chochote. Sista umesema shida ilianza na waya mrefu. VGA ina pini 15, safu tatu za tano tano, na hayo maelezo ya EDID yanapitia pini mbili tu, namba 12 na namba 15, zote ziko safu ya tatu. Hizi waya za bei ya chini wakati mwingine hazina waya ndani kwa hizo pini, picha inapita lakini maelezo hayapiti. Chomoa uangalie kichwa cha waya na tochi ya simu. Ukikuta pini imekosekana safu ya tatu umepata mwizi. Ikikosekana namba 9 pekee, ile ya safu ya katikati, hiyo ni kawaida kwa waya nyingi usijali nayo.

Na ata kama pini zote ziko, ndani inaweza kuwa haijaunganishwa, macho hayataona. Kwa hivyo rudisha ule waya mfupi wa zamani kwa dakika moja tu, uandike xrandr tena. Kama 1440x900 itajitokeza yenyewe na ile 0mm igeuke kuwa saizi ya kweli basi monita na CPU ni wazima na shida ni waya.

Mimi napendelea waya mzuri kuliko kuandika modi kwa mkono, juu ukiandika kwa mkono, siku utabadilisha monita uweke ya saizi ingine, kompyuta bado itakuwa inaamini yale uliyoiambia.

---

fundi_section58 (Nakuru)

Hapo kwa waya nakubaliana na wewe, na jaribio la waya mfupi ni zuri. Lakini saiba monita haibadilishwi kila wiki, na waya mrefu mzuri wakati mwingine unauzwa karibu nusu ya bei ya monita yenyewe ya ex-UK. Kama picha inapita safi kwa huo waya, modi ya mkono inaweza kukaa miaka bila shida. Kitu singekubali ni kama herufi zina kivuli ata baada ya AUTO, hapo waya umeshindwa kubeba picha na hakuna amri itasaidia.

---

NyarKondele (Kisumu)

Asanteni sana. Nimefanya yote mawili. Na waya mfupi 1440x900 inakuja yenyewe bila kuguswa, na pale kwa 0mm sasa kumeandikwa 408mm x 255mm. Nikirudisha mrefu ile amri ya edid inaleta 0. Kwa hivyo ni waya, lakini ule mfupi haufiki na pini za ule mrefu zote naziona ziko, basi itakuwa ni ndani venye bungoma amesema. Nimeandika zile amri tatu, picha ikaja ikiwa imesukumwa upande wa kulia, nikabonyeza AUTO ikakaa sawa, herufi hazina kivuli.

Sasa shida imehamia kwingine. Stima imepotea kidogo, ikarudi, mashine ikawaka tena na 1024x768. Nikasoma mahali kwamba naweza kuweka hizo amri tatu kwa faili la `.xprofile`. Kwa akaunti yangu imeshika. Lakini wateja mimi huwaingiza na ile akaunti ya mgeni, wakitoka kila kitu kinafutika ndio mtu asikute paswadi au barua ya mwingine, na huko bado ni 1024x768. Alafu nikiendesha hizo amri mara ya pili kwa akaunti yangu inatoa maneno marefu ya X Error na BadName, nimeharibu kitu?

---

fundi_section58 (Nakuru)

Hujaharibu kitu. BadName hapo ni X (ile programu ya Linux ya kuchora skrini, ndio xrandr huongea nayo) inalalamika juu umeiambia iumbe modi yenye jina ambalo tayari iko nalo. Mara ya kwanza ilishaumba, inabaki kwa kumbukumbu mpaka X izimwe. Ukitaka kuitoa unafanya `xrandr --delmode VGA-1 "1440x900_60.00"` alafu `xrandr --rmmode "1440x900_60.00"`.

Na hiyo ndio sababu pia inapotea stima ikienda. Yote xrandr inafanya inakaa kwa X iliyo hai wakati huo, haiandiki kwa diski mahali popote. `.xprofile` inasaidia juu inarudia amri kila ukiingia, lakini akaunti ya mgeni folda yake inaundwa mpya kila mara na kufutwa akitoka, kwa hivyo `.xprofile` yako haiko huko na haitakuwa.

Kwa saiba usiweke kwa mtumiaji, weka kwa mfumo, kabla mtu yeyote hajaingia. Hapo unaacha xrandr unaandikia X yenyewe faili. Kwenye Mint hiyo folda kwa kawaida haiko, unaiunda:

```
sudo mkdir -p /etc/X11/xorg.conf.d
sudo nano /etc/X11/xorg.conf.d/10-monitor.conf
```

Na ndani:

```
Section "Monitor"
    Identifier "VGA-1"
    Modeline "1440x900_60.00" 106.50 1440 1528 1672 1904 900 903 909 934 -hsync +vsync
    Option "PreferredMode" "1440x900_60.00"
EndSection
```

Ni zile zile namba zako, hakuna mpya. Hifadhi, funga kazi za wateja, alafu uwashe mashine upya. Ata ile skrini ya kuingilia itakuwa 1440x900. Ukishaona imeshika toa zile laini kwa `.xprofile` yako juu zitaanza kukuletea BadName kila siku. Na kwa akaunti yako, Xfce yenyewe hukumbuka resolusheni ya mwisho uliyochagua, kwa hivyo ikikurudisha chini ingia kwa Display uchague 1440x900 uhifadhi, mara moja inatosha.

Ikitokea umekosea herufi na skrini ikakataa kabisa, usizime kwa batani. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, utapata skrini nyeusi ya maandishi, ingia na jina na paswadi yako, futa hilo faili na `sudo rm`, alafu `sudo systemctl restart lightdm` (lightdm ndio programu ya ile skrini ya kuingilia). Utarudi penye ulikuwa.

---

mwalimu_wa_lurambi (Kakamega)

Samahani kuingilia dada lakini hii mada imenipata wakati mzuri. Mimi niko na laptopu ya Ubuntu 22.04 na ya shule projekta ya zamani ya 1024x768. Laptopu ni 1366x768. Nikiweka xrandr naona jina moja tu la ajabu, XWAYLAND0, hakuna HDMI, na nikiiamuru ibadilishe kitu haifanyi. Wanafunzi wa kidato cha tatu wananiangalia tu. Nataka yale yako kwa laptopu yaonekane kwa ukuta yakiwa mazima, siyo yamekatwa ubavu.

---

bungoma_linux

Mwalimu shikamoo. Hilo jina XWAYLAND0 ndio jibu. Wewe hauko kwa X, uko kwa Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini badala ya X, na xrandr inaongea na X peke yake. Andika `echo $XDG_SESSION_TYPE` utaona imesema wayland. Hapo xrandr inaonyeshwa kivuli cha skrini kinachotengenezewa programu za zamani, inaweza kusoma lakini haina mamlaka. Ubuntu imekuwa ikianza na Wayland kutoka 21.04 kwa mashine nyingi.

Toka kwa akaunti, kwenye skrini ya kuingilia bonyeza jina lako, kabla ya kuandika paswadi utaona alama ya gia pale chini kwa kona, chagua Ubuntu on Xorg alafu uingie. Sasa xrandr itakuonyesha eDP-1 na HDMI-1 au majina ya kufanana na hayo, utumie yale umeona wewe:

```
xrandr --output eDP-1 --mode 1366x768 --output HDMI-1 --mode 1024x768 --same-as eDP-1 --scale-from 1366x768
```

`--same-as` inafanya zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Ukiacha hapo, projekta itaonyesha pikseli 1024 za kwanza na ubavu wa kulia ukatike, ndio hiyo shida yako. `--scale-from` inachukua ile 1366x768 yote inaibana iingie kwa 1024x768. Maandishi yatakuwa membamba kidogo na hayatakuwa makali, ongeza saizi ya fonti kwa slaidi. Au ufanye kinyume, ushushe laptopu yenyewe iwe 1024x768 na zote zilingane, kwa darasa la nyuma mimi naona hii inasomeka vizuri zaidi:

```
xrandr --output eDP-1 --mode 1024x768 --output HDMI-1 --mode 1024x768 --same-as eDP-1
```

Kipindi kikiisha `xrandr --output HDMI-1 --off --output eDP-1 --auto` inarudisha laptopu kama kawaida. Hizo amri ziweke kwa faili mbili ndogo, moja ya kuanza moja ya kumaliza, usiwe ukiandika mbele ya darasa.

Ila ujue kwa Ubuntu mpya, kuanzia 25.10, hiyo ya Xorg imetolewa kwa skrini ya kuingilia, GNOME (mazingira ya kazi ya Ubuntu) ni Wayland pekee. Huko kuna amri ingine, gdctl, imekuja na GNOME 48. Na wale wa KDE, mazingira mengine kama GNOME, wanatumia kscreen-doctor. Kwa 22.04 yako bado uko sawa.

---

mwalimu_wa_lurambi (Kakamega)

Marahaba. Imekubali kwa hiyo ya pili, ya kulinganisha zote 1024x768. Nitaitumia hiyo. Kuna mwenzangu ananiambia naweza kupunguza mwangaza na `xrandr --brightness 0.6` ndio betri ikae, ni kweli?

---

bungoma_linux

Hapana mwalimu. Hiyo inafifisha rangi tu, taa ya nyuma ya skrini inaendelea kuwaka vile vile na betri inaliwa vile vile. Tumia zile batani za mwangaza kwa kibodi, hizo ndizo zinagusa taa yenyewe.

---

NyarKondele (Kisumu)

Mashine ya kwanza imeshika mpaka kwa akaunti ya mgeni, nimeizima nikaiwasha na iko 1440x900 tangu skrini ya kuingilia. Ya pili nimekopi faili lile lile neno kwa neno na haikusikia, imebaki 1024x768. Waya ni aina moja, monita ni aina moja. Hakuna ujumbe wa makosa.

---

fundi_section58 (Nakuru)

Andika xrandr kwa hiyo ya pili ututumie laini ya VGA pekee. Nashuku jina.

---

NyarKondele (Kisumu)

```
VGA1 connected primary 1024x768+0+0 ... 0mm x 0mm
```

Naona haina kistari katikati!

---

fundi_section58 (Nakuru)

Ndio hiyo. Hiyo mashine inatumia draiva ya zamani ya Intel, inaandika VGA1, ile ingine inatumia draiva inaitwa modesetting ambayo inaandika VGA-1. X inalinganisha Identifier na jina la mlango herufi kwa herufi, zisipofanana inaruka hiyo sehemu kimya kimya bila kukuambia. Kwa hiyo ya pili badilisha Identifier iwe "VGA1", zingine zote ziache. Na ukiongeza mashine ingine siku za mbele usikopi faili kabla hujaandika xrandr kwa hiyo mashine uone inajiita nani.

---

NyarKondele (Kisumu)

Imekubali, sasa zote mbili ni 59.89 na kanyota kako kwa 1440x900_60.00. Nimeandika jina la mlango kwa kibandiko nyuma ya kila CPU ndio kijana wangu wa zamu ya jioni asihangaike nikiwa siko. Mungu awabariki wote, na fundi ukipita Kondele pitia saiba nikupe soda.